Thumuni na Sudusi: Mama, Mfundishe Mwanao Sehemu kwa Utepe wa Sentimita 24

 

Leo sizungumzii mishono wala mapambo. Nataka kutoa maoni yangu juu ya hesabu, tena hesabu ya skuli ya msingi: sehemu. Zile namba zinazoandikwa moja juu, moja chini, na mstari katikati. Najua wengine mshakunja uso. Nivumilieni kidogo, kwani jambo hili linatuhusu sisi wanawake kuliko tunavyodhani.

Jaribu hili nyumbani leo. Muulize mtoto wa darasa la nne au la tano: kati ya 1/6 na 1/8, ipi kubwa? Wengi watakujibu haraka kuwa ni 1/8, kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 6. Kisha muulize mtu mzima, lakini badala ya namba mtajie majina: sudusi na thumuni, ipi kubwa? Usishangae naye akikwama.

Maoni yangu ni haya. Kujua sehemu zilizo sawa, na kujua ipi kubwa na ipi ndogo, ni somo ambalo mama anaweza kulifundisha nyumbani kwa vitu vilivyomo ndani mwake. Na mtoto wa kike asivae shela kabla hajalijua. Nasema hivi nikiwa mwanamke wa biashara, niliyesoma hadi sekondari kisha nikaingia ufundi wa cherehani. Riziki yangu inapita kwenye tepu na mkasi kila siku, na tepu imejaa sehemu mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini nasema ni mambo yetu

Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu ya mirathi kwa hesabu kamili. Mafungu hayo ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Wanavyuoni wamewahesabu wenye mafungu hayo wakawapata 12, na kati yao wanaume ni 4 na wanawake ni 8: mke, binti, binti wa mtoto wa kiume, mama, bibi, na dada wa aina tatu. Yaani haki ya mwanamke imeandikwa kwa sehemu. Asiyejua kusoma sehemu, haki yake anasomewa na mtu mwengine.

Tuchukue mfano mwepesi. Mume amefariki, ameacha mke, mama yake mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Zikishatoka gharama za maziko, madeni na wasia, mke anapata 1/8. Mama anapata 1/6, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto. Kinachobaki ni cha mtoto. Haya, nani kapata zaidi, mke au mama? Na mtoto kabakiwa na kiasi gani?

Huwezi kujibu mpaka uzigeuze sehemu hizo ziwe za aina moja. Nane na sita zinakutana kwenye 24. Basi 1/8 ni sawa na 3/24, na 1/6 ni sawa na 4/24. Jumla ni 7/24, kwa hiyo mtoto ana 17/24. Mali ikiwa shilingi milioni 24, mke ana milioni 3, mama ana milioni 4 na mtoto ana milioni 17. Hesabu yote ni hiyo. Hakuna ndani yake kitu kinachomshinda mtoto wa miaka 11.

Ongeza jambo moja: marehemu alikuwa na wake wawili. Thumuni haiwi mbili. Ni ileile moja wanagawana, kila mmoja 1/16, kwa sababu 1/8 ni sawa na 2/16. Na kama marehemu hakuacha mtoto kabisa, mke hapati thumuni, anapata robo, ambayo ni sawa na 2/8, yaani mara mbili yake. Sasa mfikirie mjane aliye ndani ya eda, macho yamemvimba kwa kulia, anaambiwa, "Fungu lako hili hapa." Je, anajua kama alichopewa ni robo au thumuni? Sisemi kwamba kila ndugu ni dhalimu. Wengi hawakusudii ubaya, hesabu tu imewapotea. Lakini kwa mjane mwisho wake ni mmoja: kapungukiwa.

Mimi si mwanachuoni, na mirathi ina mengi kuliko mfano huu mdogo. Yakitokea, tunakwenda kwa Kadhi na kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, tunawauliza wenye elimu yao. Ninachotaka ni mwanamke aende huko akiwa anaelewa anachosomewa, na aweze kuuliza swali.

Tena hesabu hii si ya kigeni kwetu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra ambacho dunia nzima inakijua, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Wanazuoni wetu walipiga hesabu ili kila mtu apate haki yake.

Dhahabu, gauni na zaka

Bibi harusi wangu, wewe unayekwenda kununua dhahabu, sikia. Karati zinahesabiwa kwa 24. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ni 18/24, ambayo ni robo tatu dhahabu na robo madini mengine. Karati 21 ni 21/24, sawa na 7/8. Karati 22 ni 22/24, sawa na 11/12. Ukiwekewa mikufu miwili ya gramu 40, mmoja wa karati 18 na mwengine wa karati 21, tofauti yao ni 3/24, yaani thumuni. Thumuni ya gramu 40 ni gramu 5 za dhahabu tupu. Kwa macho mikufu hiyo inaweza kukupendeza sawasawa. Gramu 5 utazigundua siku utakayokwenda kuuza.

Kwenye cherehani ni hivyohivyo. Gauni lenye mishono minne ya kutoka juu hadi chini lina kingo nane za kushonwa. Tuseme limekatwa kwa kuachiwa nusu inchi kila ukingo. Msichana anayejifunza kazi akashona kwa 5/8 ya inchi, akidhani ni palepale. Nusu ni 4/8, kwa hiyo amekula thumuni moja zaidi kila ukingo. Thumuni ya inchi ni kama milimita 3 tu, nani ataiona? Lakini kingo ni nane, na thumuni nane ni inchi nzima. Bibi harusi anasimama mbele ya kioo, zipu inafika katikati ya mgongo na haipandi tena.

Na zaka je? Zaka ya pesa ni robo ya ushuri, yaani robo ya sehemu moja ya kumi, ambayo ni 1/40. Mali iliyotimiza nisabu na mwaka ikiwa milioni 40, zaka yake ni milioni 1. Mazao yaliyoota kwa mvua yanatolewa ushuri, 1/10, na yaliyonyweshwa kwa gharama yanatolewa nusu ya ushuri, 1/20. Mwambie mtoto azipange hizo tatu, 1/10, 1/20 na 1/40, kutoka ndogo hadi kubwa. Akiweza kwa haraka, ameelewa. Akianza na 1/10, kaa naye.

Mtoto anakwama wapi

Kwanza, tumwonee imani. Miaka mitatu mizima amefundishwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 6, na ni kweli. Ghafla anaambiwa kuwa ikiwa chini ya mstari, 8 inafanya kipande kiwe kidogo. Si ujinga unaomkosesha. Anafuata alichofundishwa.

Namba ya juu inaitwa kiasi, na ya chini inaitwa asili. Asili inasema kitu kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa. Kiasi kinasema umechukua vipande vingapi. Kwa watoto wetu hili ni rahisi kulieleza. Una mkate wa kumimina mmoja sinia nzima. Wakija wageni 6, kila mmoja kipande chake ni kikubwa. Wakija wageni 8, kipande kinapungua. Wageni wakizidi, kipande kinapungua. Mtoto aliyewahi kusubiri zamu yake ya mkate siku ya Idi hahitaji kuelezwa mara mbili.

Pili, mara nyingi anapewa kanuni kabla hajaona kitu. Anaambiwa zidisha juu na chini kwa namba moja. Wiki ya pili "zidisha" imegeuka kichwani "ongeza", anaongeza moja juu na moja chini, na 1/2 inakuwa 2/3. Anaandika kuwa ni sawa bila wasiwasi, kwa sababu hana picha yoyote ya kumwambia kuwa kakosea.

Tatu, ni lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto ambaye hajaielewa sehemu kwa Kiswahili anaikuta tena kwa majina mageni, na mzigo unakuwa miwili kwa pamoja. Sisi kwa Kiswahili tuna majina mazuri ya sehemu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Mtoto akizijua hizo nyumbani, Kiingereza kitakuja kuvisha nguo kitu ambacho tayari anakifahamu.

Utepe wa sentimita 24

Sasa twende kwenye kazi. Nunua mita mbili za utepe wa satini, ule wa kufungia zawadi au kupambia nguo. Huna utepe, tumia karatasi. Kata vipande vinane, kila kimoja sentimita 24 kamili. Vinane vinakula sentimita 192, kwa hiyo mita mbili zinatosha na kinabaki kidogo cha kufungia nywele.

Kwa nini 24? Kwa sababu 24 inagawika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubaki kitu. Ndiyo maana tumeikuta kwenye mirathi na ndiyo maana tumeikuta kwenye dhahabu.

Utepe wa kwanza uache mzima, uandike "1". Wa pili mtoto aupige alama katikati, sentimita 12, auandike nusu. Wa tatu alama kila sentimita 8, hizo ni thuluthi. Wa nne kila sentimita 6, robo. Wa tano kila sentimita 4, sudusi. Wa sita kila sentimita 3, thumuni. Wa saba kila sentimita 2, hizo ni sehemu za 12. Wa nane kila sentimita 1, sehemu za 24. Mwache mtoto apime na aandike mwenyewe kwa mkono wake. Usimfanyie. Na msikate vipande vidogo, alama zinatosha, vipande vitapotea chini ya kochi.

Mkimaliza, zipangeni tepe mezani, moja chini ya nyingine, ncha za kushoto zikiwa sawasawa. Chukua rula, isimamishe kwenye alama ya nusu, iteremke moja kwa moja mpaka chini. Mtoto ataona inapita kwenye 2/4, 3/6, 4/8, 6/12 na 12/24. Mwambie, "Hawa wote ni ndugu. Majina mbalimbali, urefu mmoja." Hizo ndizo sehemu zilizo sawa. Sogeza rula kwenye thuluthi mbili, atakutana na 4/6, 8/12 na 16/24. Sogeza kwenye robo tatu, atakutana na 6/8, 9/12 na 18/24. Mkumbushe kuwa hiyo 18/24 ndiyo dhahabu ya mama ya karati 18.

Hapo sasa ndipo kanuni inaingia, na itaingia kwa upole. Muulize: kila robo nikiikata mara mbili, nitapata vipande vingapi? Vinane. Na zile robo tatu zangu zimekuwa vipande vingapi? Sita. Basi 3/4 imekuwa 6/8. Juu umezidisha kwa 2, chini umezidisha kwa 2. Ukikata kila kipande mara mbili, vipande vinaongezeka lakini kitambaa hakiongezeki. Fundi yeyote analijua hilo. Mtoto akilielewa, hawezi tena kusema 1/2 ni sawa na 2/3, kwani ataangalia utepe: moja ni sentimita 12, nyengine ni 16.

Utepe huu hauwezi kila kitu. Humusi hazikai kwenye 24. Akifika kwenye sehemu za tano na za kumi, kata tepe nyengine za sentimita 30. Hapo humusi ni sentimita 6, ushuri ni sentimita 3, nusu ni 15 na thuluthi ni 10.

Ipi kubwa? Njia nne kabla ya kanuni

Kwenye kulinganisha, watoto wengi wanajua njia moja tu, kuzidisha kwa msalaba. Inatoa jibu, lakini haimfundishi kufikiri. Mpe hizi nne, na kila mara mwambie akutajie sababu kwanza, ndipo mwende kwenye tepe kuhakikisha.

Ya kwanza, asili zikiwa sawa, angalia kiasi. 5/8 na 3/8: vipande ni vya ukubwa mmoja, mwenye vitano kamzidi mwenye vitatu.

Ya pili, viasi vikiwa sawa, angalia asili, na kumbuka wageni wa mkate. 3/4 na 3/8: wote wamechukua vipande vitatu, lakini vya robo ni vikubwa kuliko vya thumuni. Basi 3/4 ni kubwa.

Ya tatu, pimia kwa nusu. 7/12 na 3/8. Nusu ya 12 ni 6, kwa hiyo 7/12 imepita nusu. Nusu ya 8 ni 4, kwa hiyo 3/8 haijafika nusu. Ishakwisha, 7/12 ni kubwa, wala hukuandika kitu.

Ya nne, angalia kinachopungua. 7/8 na 11/12, karati 21 na karati 22. Ya kwanza imepungua thumuni kufika nzima, ya pili imepungua 1/12. Aliyepungukiwa kidogo ndiye mwenye kingi. Basi 11/12 ni kubwa.

Zote nne zikishindwa, ndipo tunatafuta asili moja. Mfano 2/3 na 5/8. Zote zimepita nusu, viasi mbalimbali, asili mbalimbali. Tatu na nane zinakutana kwenye 24: 16/24 na 15/24. Thuluthi mbili imeshinda kwa sentimita moja tu ya utepe. Hapo mtoto mwenyewe ataona kwa nini macho peke yake hayatoshi na hesabu inahitajika.

Akizoea, mpe tano azipange: 1/2, 3/8, 2/3, 7/12, 5/6. Majibu yako wewe mama, ili usihangaike: 3/8, 1/2, 7/12, 2/3, 5/6. Kwenye utepe ni sentimita 9, 12, 14, 16 na 20.

Swali moja usilisahau: sehemu ya nini?

Hili nataka liandikwe kwa wino mwekundu. Robo haina ukubwa mpaka useme robo ya nini. Nusu ya utepe wa sentimita 24 ni sentimita 12. Robo ya utepe wa sentimita 60 ni sentimita 15. Robo imeishinda nusu! Ndiyo maana tepe zote nane tumezikata urefu mmoja. Kulinganisha kunafaa pale tu ambapo kitu kizima ni kimoja.

Mzoeze mtoto kuuliza hivyo kila mara, kwa sababu swali hili litamfaa akiwa mkubwa kuliko hesabu zote za mtihani. Akiambiwa nusu ya mahari italipwa sasa na nusu baadaye, ajue nusu ya ngapi, na iandikwe. Akiwekewa bango la punguzo la robo ya bei, aulize bei ipi, ya jana au iliyopandishwa leo asubuhi. Na siku ya msiba, Mungu atuepushe, akiambiwa thumuni yake ni hii, aweze kuuliza kwa adabu: thumuni ya nini? Ya vyombo vya ndani tu, au na shamba, na nyumba, na pesa za benki?

Wale watakaosema "sina muda"

Najua hoja zenu, nazisikia kila siku pale dukani kwangu.

Kuna wasemao, walimu wapo na tunalipa masomo ya ziada. Walimu wapo, Mungu awalipe, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kukaa na kila mtoto mpaka aone kwa macho yake. Wewe una mmoja, wawili, watatu. Dakika 10 baada ya Maghrib, chakula kikiwa jikoni, siku tano kwa wiki, zinatosha. Hata tepe si lazima kila siku. Siku ya kutoa fitri, mpe mtoto kibaba na mchele. Pishi moja ni vibaba vinne. Muulize: nikitia vibaba viwili, nimetia sehemu gani ya pishi? Akisema 2/4, mwambie sawa. Akisema nusu, mwambie sawa pia, kisha aeleze kwa nini yote mawili ni sawa.

Kuna wasemao, mimi sikusoma sana, nitamfundisha nini? Dada yangu, wewe unayekata doti ya kanga katikati bila rula, unayegawa boflo moja kwa watoto watano bila ugomvi, unayemwambia muuza duka akupimie kilo na robo tatu na unajua akikupunja, hesabu hii unayo mikononi. Kilichobaki ni kuitaja kwa jina mbele ya mtoto.

Na kuna wasemao, kimoyomoyo zaidi kuliko kwa mdomo, kuwa hesabu ni ya watoto wa kiume, msichana ataolewa. Hao ndio ninaobishana nao hasa. Ataolewa, inshaallah, na akishaolewa ndipo atakapopewa mahari, atakapotunza dhahabu, atakapotoa zaka ya mali yake, na atakaporithi na kurithiwa. Mali ya mwanamke katika dini yetu ni yake. Haingii mkononi mwa mume kwa kuolewa. Mwenye mali yake anapaswa ajue kuihesabu. Na mtoto wa kiume naye mfundisheni vizuri, maana kesho ndiye atakayesimama kugawa mali mbele ya mama yake na dada zake, na dhima ya mgao ule iko shingoni mwake.

Neno kwa mabibi harusi

Mwari anapofundwa, somo wake humfundisha mengi: usafi, udi, kauli njema, kuishi na wakwe. Yote mazuri na tuyadumishe. Mimi naomba mafunzo yaongezwe jambo moja. Amkalishe siku moja na kalamu, amuulize: mume akifariki na mna mtoto, fungu lako ni lipi? Na kama hamna mtoto? Karati 21 ni sehemu gani ya dhahabu? Zaka ya milioni 40 ni ngapi? Majibu ni thumuni, robo, 7/8 na milioni 1. Asiyeyajua yote manne, ana jioni chache za kujifunza na wala hajachelewa, kwani tepe zilezile za mtoto wa darasa la nne zinamfaa na yeye.

Na wewe mama, wiki hii pita dukani ununue mita mbili za utepe. Chagua rangi anayoipenda mwanao. Mkae chini mpime pamoja, na mkimaliza mziviringe mzitie kwenye bahasha ndani ya mkoba wake wa skuli. Wiki ijayo muulize tena ile ya sudusi na thumuni, na usikubali jibu bila sababu.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie watoto wanaojua haki na kuisimamia.